SOMO: Kuchagua filamu za nje kwa kikundi cha nyumbani (soma kabla hujanifuata pembeni)

Wakuu, salaam. Wiki hii watu wanne wameniuliza kikundi chetu huwa kinachaguaje filamu. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nambandikia hii.

Sisi ni tisa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, sebuleni kwangu Temeke. Projekta ya kuazima, shuka jeupe ukutani.

1. Wajue watu wako: nani anasoma haraka, nani ana watoto wa kuwahi kuwalaza.

2. Filamu ya kwanza isizidi dakika 90. Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica (Italia, 1948) ni dakika 89: baba kaibiwa baiskeli ya kazini, anaisaka Roma nzima na mwanawe. Hilo halihitaji utangulizi. Au La Noire de... ya Ousmane Sembène (Senegal, 1966), saa moja tu: binti wa Dakar anapelekwa Ufaransa na mabosi wake, akifika anageuzwa mtumwa wa jikoni. Ilipoisha kwetu hakuna aliyeinuka. Karibu kila mmoja pale ana ndugu aliyekwenda Uarabuni kwa kazi za ndani.

Msianze na Jeanne Dielman ya Chantal Akerman (1975). Ndiyo, kura ya filamu bora ya jarida la Sight and Sound ya 2022 iliipa namba moja. Ni saa tatu na dakika 21, na mama anamenya viazi kweli kweli. Mimi naipenda. Wiki ya kwanza itakuachia viti vitupu.

3. Aliyechagua asiisifie kabla.

4. SABTAITO, yaani maneno ya tafsiri yanayotokea chini ya picha. Hapa niliumbuka. Tulikuwa na Khane-ye doust kodjast ya Abbas Kiarostami (Iran, 1987), mtoto anayehangaika kurudisha daftari la mwenzake kijiji cha pili. Nilijaribu sentensi mbili za mwanzo, maneno yakatangulia kidogo, nikayasogeza kwa kitufe cha H kwenye VLC (programu ya kuchezea video), nikajiona fundi. Kufika dakika ya 40 maneno yalikuwa mbele kwa zaidi ya dakika nzima. Wazee wamekaa kimya, chini yao mtoto anabishana! Watu walicheka hadi tukazima. Sababu: faili la sabtaito lilipangwa kwa nakala ya picha 25 kwa sekunde, yangu ilikuwa ya 24. Pengo la namna hiyo linakua kadiri filamu inavyokwenda, kusogeza hakuliponyi. Kwa hiyo, SIKU MOJA KABLA, kagua sehemu tatu: mwanzo, katikati, dakika kumi za mwisho. Likipishana sawasawa kote, vitufe vya G (kuwahisha maneno) na H (kuyachelewesha) vinatosha. Likiongezeka, tafuta faili jingine.

5. Zamu ya kuchagua izunguke. Aliyelala asiamshwe.

MASWALI

Kiroboto: Mkuu weka link basi.
— Sigawi link. Soma somo.

Kiroboto: Nimesoma. Filamu ya kwanza iwe ndefu kiasi gani?
— Namba 2.

Mzalendo: Kwa nini tuhangaike na Wairani wakati za kwetu zipo?
— Nani kakwambia tumeziacha? Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021) imetoka kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi, na ni ya kisanaa kuliko nyingi za huko nje. Nimeulizwa za nje, nimejibu za nje.

Bi Mkubwa: Mama mkwe wangu angependa kukaa nasi ila Kiingereza hasomi. Nifanyeje?
— Swali zuri, shikamoo yake. Anza na La Tortue rouge ya Michaël Dudok de Wit (2016): katuni ya dakika 80, hakuna mazungumzo hata kidogo. Mkizoeana, mtu mmoja atafsiri kwa sauti kama kibanda umiza, ila awe ameshaitazama, aseme jambo kuu tu, na asiongeze vichekesho vyake. Mkalishe mama karibu naye. Kwetu tulijaribu hivyo, na bibi mmoja akaanza kutueleza sisi kwa nini mhusika analia.

Bi Mkubwa: Ahsante sana. Na bisi je? Kwenye filamu ya kimya zinakera.
— Karanga za kuchemsha.

Fundi Sola: Zimenye kabisa kabla, maganda nayo yana kelele.