Kuchagua na Kutumia Lenzi ya Zamani ya Helios 44-2

Anayetaka lenzi ya bei nafuu yenye tundu pana la mwanga aanze na Helios 44-2, lenzi ya milimita 58 yenye f/2 (kipimo cha tundu; namba ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi) iliyotengenezwa Umoja wa Kisovieti kwa kufuata muundo wa Biotar ya Carl Zeiss na kuuzwa pamoja na kamera za Zenit. Zilitengenezwa kwa wingi mno, kwa hiyo muuzaji anayedai kuwa ni adimu asikupandishie bei.

Hatua ya kwanza ni ukaguzi, na hapa usifanye haraka. Fungua tundu lote, mulika tochi ya simu upande wa nyuma, kisha chungulia kwa mbele. Vumbi kidogo, au hata mkwaruzo mwembamba kwenye kioo cha mbele, hauharibu picha; mkwaruzo wa kioo cha nyuma ndio wa kuogopwa. Ukiona nyuzinyuzi mfano wa utando wa buibui, hiyo ni kuvu, nayo hustawi penye unyevu, hivyo mkazi wa Mombasa au Zanzibar aiache lenzi hiyo hata ikiwa ni ya bei ya kutupa. Pete ya fokasi ikiwa nzito, grisi imekauka na fundi anaweza kuibadilisha.

Hatua ya pili ni adapta, yaani pete ya kuunganishia lenzi na kamera, ya skrubu ya M42 ambayo lenzi hii hutumia, inayolingana na kamera yako. Kamera zisizo na kioo cha kuakisi huipokea bila shida, lakini kwenye Nikon za zamani za DSLR (kamera za kidijitali zenye kioo hicho), adapta isiyo na kioo cha lenzi ndani yake haitakuwezesha kupata fokasi ya vitu vya mbali.

Baada ya kuifunga, iruhusu kamera kupiga picha bila kutambua lenzi, na uchague hali ya A, ambapo wewe unaweka tundu na kamera inachagua kasi ya shata. Lenzi ina pete mbili za tundu: inayobofya huweka kikomo, kwa mfano f/5.6, na isiyobofya hufungua hadi f/2 kwa ajili ya kulenga, kisha hufunga hadi kikomo hicho kabla ya kupiga. Kuza picha kwenye skrini na ulenge jicho lililo karibu nawe.

Wengi huitafuta kwa sababu ya mandhari ya nyuma yanayoonekana kama yanazunguka. Ili kuyapata, piga kwa f/2, mtu akiwa mita mbili hivi kutoka kwako na majani ya miti yakiwa mbali nyuma yake. Kihisi cha APS-C, ambacho ni kidogo zaidi, hukata pembe zenye mzunguko huo, hivyo utaonekana vizuri zaidi kwenye kihisi cha milimita 36 kwa 24.