Feni hazionekani kwenye Linux? Fuata njia ya vihisi kuanzia kwenye chipu

Joto, volti na mwendo wa feni hupita mikono mitatu kabla hujaviona: chipu inayopima, draiva ya kerneli (kiini cha Linux) inayoisoma chipu hiyo, kisha programu ya `sensors`. Namba zikikosekana, usiilaumu programu kwanza. Mara nyingi draiva ndiyo haijapakiwa.

Kwenye Debian na Ubuntu sakinisha kwa `sudo apt install lm-sensors`. Fedora na Arch huandika jina kwa mstari wa chini: `lm_sensors`. Ukimaliza, endesha `sensors` kabla ya jambo lingine lolote. Joto la prosesa huwa linatokea hapo hapo, kwa kuwa `coretemp` ya Intel na `k10temp` ya AMD hujipakia zenyewe. Feni na volti ndizo zenye shida, kwani hupimwa na Super I/O, chipu ya bodi mama inayosimamia vihisi na kazi nyingine ndogondogo, ambayo aghalabu ni ya Nuvoton au ITE, na chipu hiyo haijitambulishi kwa kerneli. Lazima itafutwe:

`sudo sensors-detect`

Kubali majibu ya kawaida kwa Enter, ila kuwa macho sehemu mbili. Ikifika kwenye I2C/SMBus (nyaya za mawasiliano kati ya chipu) na tayari imeshapata Super I/O, jibu `no`: upekuzi wa aina hii uliwahi kuharibu EEPROM (chipu za kumbukumbu za kudumu) za baadhi ya ThinkPad za zamani za IBM. Mwishoni, kwenye Debian na Ubuntu, huuliza kama iandike moduli (draiva zinazopakiwa kwenye kerneli) ndani ya `/etc/modules`, na hapo jibu la kawaida ni HAPANA. Anayebonyeza Enter tu mpaka mwisho hubaki bila kitu. Andika `yes`, kisha pakia moduli uliyotajiwa, kwa mfano `sudo modprobe nct6775`.

`sensors-detect` ikikataliwa kufungua `/dev/port` kwa `Operation not permitted`, ni Secure Boot (ulinzi wa kuwasha mashine kwa programu zenye saini tu) imeifunga kerneli. Hakuna haja ya kuizima Secure Boot. Jaribu `modprobe nct6775` kwa Nuvoton au `it87` kwa ITE moja kwa moja. Moduli zilizokuja na kerneli ya mfumo wako zina saini, hivyo hukubaliwa. Jibu likiwa `No such device`, umekosea draiva au chipu yako bado haina.

`Device or resource busy` ni habari nyingine. Tazama ujumbe wa kerneli kuhusu ACPI, njia ambayo BIOS hutumia kusimamia vifaa: `sudo dmesg | grep -i acpi`. Ukikuta mgongano wa anwani, BIOS nayo inaitumia chipu ile ile. Wengi hukimbilia kuweka `acpi_enforce_resources=lax` kwenye GRUB, programu inayoiwasha Linux, ili kerneli iupuuze mgongano huo. Hufanya kazi, lakini sasa wawili wanaandika kwenye chipu moja bila kupeana zamu, na matokeo yake yaweza kuwa namba za uongo au feni kubadili mwendo ovyo. Kwa bodi za ASUS zenye Nuvoton, anza kwa kupandisha kerneli hadi 5.17 au zaidi: tangu hapo `nct6775` inaweza kupitia WMI, mlango wa BIOS yenyewe, kwenye bodi nyingi bila kugombana na BIOS.

Namba zikianza kuja, usiziamini zote. AUXTIN (kihisi cha ziada cha joto) inayosoma nyuzi 127, au hasi wakati mashine ni ya moto, ni pini isiyounganishwa na chochote. Linganisha na skrini ya BIOS, kisha tengeneza `/etc/sensors.d/bodi.conf`:

```
chip "nct6798-*"
    ignore temp5
    label fan2 "Feni ya prosesa"
```

Majina kama `temp5` yasome kwa `sensors -u`, kwa sababu faili hili halitambui AUXTIN.

Diski za SATA zinahitaji `sudo modprobe drivetemp`, kwa kerneli 5.6 kwenda mbele; ili idumu, andika neno `drivetemp` ndani ya `/etc/modules-load.d/drivetemp.conf`. NVMe hujionyesha yenyewe. Kadi ya NVIDIA yenye draiva ya kampuni haitokei hapa, tumia `nvidia-smi`.

Na ukiandika skripti, usiifunge kwenye folda ya kihisi kama `hwmon2`: namba hiyo inaweza kubadilika mashine ikiwashwa upya. Pitia `/sys/class/hwmon/*/name` mpaka upate `k10temp` au unayoitaka, kisha soma `temp1_input` ya folda hiyo na uigawanye kwa 1000. 47000 ni nyuzi 47 za Selsiasi.