Mwanaharakati kijana wa tabianchi akianza kutishwa: la kufanya kabla, siku yenyewe na baadaye

Kwa ninayoyaona, kijana anayepinga bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga, Tanzania, kilomita 1,443, mara nyingi si yeye anayetishwa kwanza. Anapigiwa mama yake kijijini. Au mwenye nyumba anaambiwa amempangisha mkorofi. Ndiyo maana mwongozo huu, ninaoutumia na vikundi vya vijana kama msaidizi wa kisheria, hauanzii kituo cha polisi.

Hatua ya 1: Zungumza na watu wa nyumbani. Wazazi wasikie kutoka kwako, si kwa mtu wa simu asiyejitambulisha. Waeleze unafanya nini, na akina nani, na wajibu vipi wakipigiwa: waulize jina na ofisi, waseme watampigia baadaye, wakate. Wasibishane, wasiahidi lolote kwa niaba yako, wasitume pesa za "kufuta jina". Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, naye afahamu, kwani wageni wakiingia mtaani hukuulizia kwake. Kikao hiki kinachosha, hasa mzee akishasema "hizo siasa ziache", lakini msikiruke.

Hatua ya 2: Daftari la vitisho. Andika tarehe, saa, mahali, namba iliyopiga, shahidi, na maneno yenyewe kwa lugha yaliyosemwa, iwe Kiganda, Kinyoro au Kiswahili. Usiyalainishe. Ujumbe upige picha ya skrini inayoonyesha namba na tarehe kabla hujamzuia mtumaji. Nakala moja ikae kwa mtu asiyeandamana. Tusi la mtandaoni unaweza kuliandika ukaendelea na shughuli zako. Anayetaja chumba unacholala au njia unayopita ni mwingine kabisa: siku hiyohiyo ukalale kwingine, na kundi la WhatsApp lisijue ni wapi.

Hatua ya 3: Simu. Nywila ndefu badala ya alama ya kidole, uthibitishaji wa hatua mbili, na acheni kupanga safari kwenye kundi ambalo nusu ya watu hamwajui.

Hatua ya 4: Siku ya kuandamana. Namba ya wakili iandikwe mkononi kwa kalamu, maana simu huchukuliwa mapema. Mmoja wenu asiandamane. Abaki na orodha ya majina, umri na wanaotumia dawa. Walio chini ya miaka 18 wasikae mbele, hata wakisisitiza. Hapo mimi sibembelezwi.

Hatua ya 5: Akikamatwa. Asivutane. Amwite askari "afande", aulize kosa ni lipi na anapelekwa kituo gani, kisha alitaje jina la kituo kwa sauti ili wenzake wasikie. Asitie saini maelezo kabla wakili hajafika. Ibara ya 23 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inampa haki ya wakili, ya ndugu kujulishwa, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 48. Mtoto hachanganywi na watu wazima. Anayemfuata kituoni aombe namba ya SD au CRB, yaani namba ya kesi kwenye daftari la kituo au rejista ya makosa. Bila hiyo atazungushwa kutoka dawati hadi dawati. Bondi ya polisi, yaani kuachiwa kwa dhamana kituoni, ni bure. Akidaiwa pesa "ya karatasi", aombe risiti kwa adabu. Waandamanaji wengi hushtakiwa kwa kero kwa umma. Linasikika kosa dogo, lakini kesi yake inaweza kumrudisha mwanafunzi mahakamani miezi kadhaa, kwa hiyo panga mapema nani atalipa nauli zake.

Hatua ya 6: Akitoka. Kama alipigwa, aonwe na daktari siku hiyohiyo, na fomu ya polisi PF3, ya uchunguzi wa majeraha, ijazwe. Peleka malalamiko, pamoja na nakala ya daftari, kwa Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda. Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019 inaruhusu afisa awajibishwe yeye binafsi, na hapo tarehe na majina uliyoandika ndiyo hubeba kesi. Yeye mwenyewe akitaka kukaa mwezi mzima bila kushika bango, msimuite mwoga. Mwondoeni kwenye zamu, namba yake ibaki kwenye orodha ya wanaopigiwa kila jioni.