Mpira wa mkojo unaziba kila mara? Tafuta jiwe kwenye kibofu

Aliyeumia uti wa mgongo anaweza kukaa na jiwe kwenye kibofu miezi mingi bila kusikia maumivu. Dalili huja kwa mlango mwingine: mpira wa mkojo (katheta) unaziba kabla ya muda wake, mkojo unapita pembeni, miguu inakakamaa kuliko kawaida, damu inaonekana kidogo, au UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) inarudi muda mfupi tu baada ya kumaliza dozi. Ikirudi hivyo, kubadilisha antibayotiki tena na tena hakusaidii, kwa kuwa bakteria wamejificha ndani ya jiwe ambako dawa haiwafikii.

Msumbufu mkubwa ni bakteria aitwaye Proteus. Anavunja urea kuwa amonia, mkojo unapoteza asidi, na madini ya fosfeti yanaganda kwenye mpira na puto lake, yaani kile kifuko cha maji kinachoushikilia ndani ya kibofu.

Kwa hiyo mpira wa zamani ukitolewa, usitupwe hapo hapo. Vaa glovu, biringisha ncha yake kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukisikia chengachenga, au ukiona ukoko mweupe kwenye tundu na puto, mwambie daktari siku hiyo hiyo. Puto lenye ukoko likitolewa maji, ukoko huvunjika kama ganda la yai, vipande vikabaki kibofuni, na kila kipande kinaweza kukua kuwa jiwe.

Mpira wa kudumu kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya wiki 4 hadi 12, kutegemea aina yake. Ukiziba wiki ya tatu, badilisha wiki ya pili, usingoje uzibe. Puto lijazwe maji safi ya sindano kwa kiasi kilichoandikwa kwenye mpira, mara nyingi ml 10. Usitumie maji ya chumvi: chumvi yake inaweza kuganda na puto likakataa kutoa maji wakati wa kulitoa. Kusafisha mpira kwa maji ya chumvi ya hospitali huondoa uchafu, lakini hakuyeyushi jiwe. Yakigoma kuingia, usisukume kwa nguvu. Badilisha mpira.

Wanaojitoa mkojo kwa mpira wa muda (unaoingizwa, mkojo ukitoka unatolewa) wako salama zaidi, mradi wamalize mkojo wote. Fanya mara 4 hadi 6 kwa siku, na upime kwa jagi lenye alama. Ukitoa zaidi ya ml 500 kwa mara moja, punguza muda kati ya mara na mara. Mtiririko ukikoma, vuta mpira taratibu, sentimita kwa sentimita. Ukianza kutiririka tena, simama hapo mpaka uishe. Mabaki ya chini ndiyo yenye mchanga. Punguza pia nywele za sehemu za siri kwa mkasi (si wembe, maana ngozi isiyohisi hukatika bila kujua). Unywele mmoja ukisukumwa ndani na mpira unatosha kuanzisha jiwe.

Kunywa maji ya kutosha, karibu lita 2 kwa siku kama daktari hajakuwekea kikomo.

Aliyeumia kuanzia pingili ya T6 (ya sita ya mgongo sehemu ya kifua) kwenda juu awe macho zaidi. Kibofu kikijaa au jiwe likikera, presha hupanda ghafla: kichwa kinagonga, uso unakuwa mwekundu, jasho linatoka juu ya sehemu iliyoumia. Presha yake ya kawaida (namba ya juu) ikiwa 100, basi 130 ni hatari, ingawa muuguzi asiyelijua tatizo hili ataiona ya kawaida. Mketishe wima, shusha miguu, legeza nguo na mkanda, angalia kama mpira umekunjika. Usimlaze. Mkojo usipotoka, mpira ubadilishwe mara moja, na hali isipotulia apelekwe hospitali haraka.

Hospitalini omba ultrasaundi ya kibofu. X-ray pekee huweza kukosa mawe ya aina hii, kwani mengine hayaonekani vizuri. Penye shaka, kuchungulia kwa kamera ndiko kunakomaliza ubishi. Jiwe dogo husagwa na kutolewa kupitia njia ya mkojo. Kubwa sana hutolewa kwa upasuaji. Vipande vyote vitoke, na mpira mpya uwekwe siku hiyo hiyo.