Kabla ya kubadili mishahara ya watumishi wa umma: mambo ya kuweka sawa mapema

Mei Mosi 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara serikalini kitapanda kwa asilimia 35.1 kuanzia Julai, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Kutangaza ni kazi ya dakika moja. Kuifikisha fedha hiyo, kamili na kwa wakati, kwa mhudumu wa zahanati iliyo mbali na makao makuu ya wilaya ni kazi ya miezi, na huko ndiko mageuzi mengi ya mishahara hukwama. Naandika kwa ajili ya wanaokaa kwenye meza ya maandalizi: afisa utumishi, mhasibu, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, na hata mtumishi anayetaka kujua aulize nini.

La kwanza ni orodha ya wanaolipwa. Mwaka 2016 Tanzania iliondoa watumishi hewa, yaani majina yanayolipwa bila mtu kazini, zaidi ya 10,000 kwenye orodha hiyo, na Aprili 2017 ikatolewa taarifa ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Ukipandisha mishahara juu ya orodha chafu, hewa naye umempandishia. Kwa hiyo uhakiki hauna mjadala. Ila uhakiki nao unahitaji mpango wake. Wakati ule ajira mpya na upandishaji vyeo vilisimamishwa kupisha zoezi, na waliostahili kupanda wakabaki pale pale. Mwalimu aliyecheleweshwa daraja moja hapotezi miezi ile tu, kwa sababu daraja linalofuata nalo linasogea mbele, na kuna anayefika miaka 60 ya kustaafu bila kuligusa. Naona hili ni kosa linaloepukika: kabla ya kuanza uhakiki, tangazeni tarehe ya kuumaliza, na andikeni kwenye waraka kwamba atakayekutwa safi atalipwa kuanzia siku aliyostahili.

Ili kujua kama kumbukumbu ziko tayari, chukueni jalada moja tu la muuguzi yeyote na kulisoma ukurasa kwa ukurasa. Barua ya ajira ipo? Ya kuthibitishwa kazini? Ya kupandishwa cheo mara ya mwisho? Kwenye cheti cha kidato cha nne ameandikwa Mariamu, kwenye kitambulisho cha taifa ni Mariam, na benki wana jina la ndoa. Tarehe ya kuzaliwa kwenye mfumo inapishana na ya kwenye jalada kwa mwaka mzima. Hakuna udanganyifu hapo, ni makarani watatu walioandika kwa nyakati tofauti, lakini mfumo wa kompyuta haujui hilo. Siku mabadiliko yakipita, huyu ndiye atakayekosa mshahara, na ndiye atakayelipa nauli kwenda makao makuu kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Tofauti za namna hii zisahihishwe miezi kadhaa kabla, na afisa ndiye amfuate mtumishi kituoni kwake.

Kisha madeni. Malimbikizo ya mishahara, ya likizo na ya uhamisho yahesabiwe yote na yajulikane yatalipwa lini kabla viwango vipya havijaanza. Anayedai tangu alipopanda cheo hawezi kuamini ahadi mpya, na ana haki ya kutoiamini. Kenya imeonyesha gharama ya jambo hili. Makubaliano ya malipo ya madaktari yaliyosainiwa mwaka 2013 hayakutekelezwa, na mgomo ulioanza Desemba 2016 ukadumu siku 100. Madaktari waligoma tena mwaka 2024, na miongoni mwa madai yao yalikuwa malimbikizo ya makubaliano ya 2017. Wagonjwa ndio walioumia zaidi. Msisaini kiwango ambacho Hazina haijakitengea fungu.

Kwenye fungu lenyewe kuna hesabu inayosahaulika. Kwa kila shilingi 100 ya nyongeza, mwajiri anachangia 15 kwenye mfuko wa pensheni wa PSSSF na 3 za bima ya afya. Nyongeza ya 100 ni gharama ya 118, kabla hamjagusa ajira mpya zilizo kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa.

Upande wa mtumishi hesabu inakwenda kinyume. Mwenye 370,000 alikatwa 18,500 za pensheni, 11,100 za bima na kodi ya 6,520, akabaki na 333,880. Kwenye 500,000 anakatwa 25,000, 15,000 na 16,400, anabaki na 443,600. Nyongeza iliyotajwa jukwaani ni 130,000, inayofika mkononi ni 109,720, na bado ada ya chama na marejesho ya mkopo havijaguswa. Mwonyesheni hesabu hii mapema. Mkumbusheni pia sharti la kubaki na theluthi moja ya mshahara baada ya makato, maana nyongeza ikiingia tu, wakopeshaji huwa mlangoni na fomu za kuongeza mkopo juu ya mkopo.

Ngazi za juu zipewe maelezo yao pia. Mwaka 2022 ilitangazwa nyongeza ya asilimia 23.3 kwenye kima cha chini, na wengi wakaielewa kuwa ni ya kila mtu. Julai walipoona kilichoingia, malalamiko yakajaa kila ofisi. Jedwali la kila daraja lilipaswa kutoka pamoja na tangazo. Lipo suala la msingi zaidi hapo: ukiinua chini peke yake, pengo kati ya mhudumu na fundi sanifu aliyesomea kazi yake linapungua, na lazima mwe na jibu lake kabla hajauliza.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni posho. Serikali ikibanwa hupenda kuongeza posho badala ya mshahara, kwa kuwa posho ni rahisi kuitoa na rahisi kuiondoa. Lakini mafao ya uzeeni yanahesabiwa kwa mshahara. Mtu anaweza kuishi vizuri miaka 20 kwa posho za vikao na safari, akastaafu kwa mshahara mdogo, na pensheni ikamfuata mshahara huo hadi kaburini. Tuliona mwaka 2018, mifuko ya pensheni ilipounganishwa, jinsi kikokotoo kipya, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kilivyowatia watu hofu hadi kikasitishwa Desemba mwaka huo huo. Pendekezo lolote la malipo lipimwe kwa mtumishi wa mwaka wa kwanza na kwa aliyebakiza miaka mitatu kustaafu, wote wawili, kwenye karatasi moja.

Njia ya kufikisha fedha isichukuliwe kirahisi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilianza mwaka 2011 kulipa watumishi kupitia benki badala ya fedha kupita mikononi mwa maofisa, na wizi wa njiani ukapungua. Ila walimu wa vijiji visivyo na benki walitembea siku nzima au zaidi kufuata mshahara wao, hadi Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, ikapewa jukumu la kuwalipa wa maeneo ya mbali. Hesabuni tawi au wakala wa karibu kwa kila kituo cha kazi, na muulize kama huwa na fedha taslimu mwisho wa mwezi.

Mwezi mmoja kabla ya kuanza, endesheni malipo mapya kwenye mfumo sambamba na ya zamani bila kulipa, na kila mtumishi apewe hati yake ya mshahara ya majaribio. Wapeni wiki mbili za kuleta marekebisho, kwa afisa mwenye jina na namba ya simu iliyobandikwa kwenye mbao za matangazo za shule na zahanati. Atakayekutwa na kasoro baada ya hapo aendelee kulipwa kiwango cha zamani wakati suala lake linashughulikiwa, asikatwe mshahara wote.