Begi ya shule iliyochakaa inaweza kuwa begi ya kuhama mafuriko yakija

Kama unaishi Ahero, Nyakach, Kadibo ama huko Budalang'i unajua maji hayapigi hodi. Mara nyingi hukuja usiku, na saa zingine hata kwako hakujanyesha, mvua imenyesha huko juu, kama Nandi na Kericho, halafu mto kama Nyando inashuka nayo mpaka kwa mlango. Mwaka 2020 maji ilipoingia kwetu nilishika godoro na sufuria nikakimbia, dawa za presha za mama zikabaki kwa dirisha, na akakaa siku tatu kwa shule tuliyohamia bila kumeza hata moja. Hio ndio sababu naandika hii, sitaki mzazi wa mtu mwingine apitie hivyo.

Sasa tafuta begi ya shule, ile mtoto aliacha akimaliza. Lazima iwe ya mabega mawili, juu mkono moja utashika mtoto na mwingine fimbo ya kupima kina. Zipu ikiwa imekufa peleka kwa fundi wa viatu aweke ingine, na umwambie arudie kushona mikanda na uzi wa nailoni pale inashikana na begi, hapo ndio hukatikanga.

Begi yenyewe itaingiza maji tu, hata kama aliyekuuzia aliapa. Kitu muhimu ni nailoni ya ndani. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, lakini kuna yale magunia ya kuweka mahindi bila dawa, ya tabaka tatu, ndani yana nailoni mbili nene sana. Gunia likizeeka toa nailoni moja, hakikisha haina tundu, ioshe, ianike, halafu uisukume ndani ya begi. Ukishapanga vitu sokota shingo ya nailoni, ikunje, ufunge na raba iliyokatwa kwa tyubu ya baiskeli. Kabla uiamini weka gazeti peke yake ndani, funga, zamisha kwa beseni dakika kumi. Gazeti ikitoka kavu, uko sawa.

Makaratasi yanaingia kwa nailoni yao tofauti: vyeti vya kuzaliwa, hatimiliki, vyeti vya shule, kijitabu cha kliniki ya mtoto, fotokopi ya kitambulisho. Piga picha ya kila moja ujitumie kwa imeili. Dawa nazo, kama kuna mtu nyumbani anameza za presha, sukari ama ARV, weka za siku saba, na kila mkichukua mpya hospitali badilisha, zile za begi zitumike kwanza ndio zisipitishe tarehe. Insulini haiwezi kaa kwa begi kwa joto yetu, kwa hivyo bandika karatasi ndani ya mlango uandike vitu vya kushika mwisho: insulini, simu, miwani ya nyanya.

Maji ya kunywa, lita moja ni kilo moja, usijaze. Beba lita mbili na dawa ya kutibu maji, ufuate kipimo cha chupa, kwa sababu mafuriko hufunika vyoo na visima na hapo kipindupindu huingia. Ongeza sukari, chumvi na kijiko kidogo cha chai. Mtu akianza kuhara, changanya vijiko sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwa lita moja ya maji safi, anywe kidogo kidogo huku mkitafuta hospitali. Chakula iwe ya kula bila moto, njugu karanga na biskuti zinatosha.

Pesa taslimu tafadhali, noti za 50 na 100. Minara ya simu ikizima M-Pesa haikusaidii na boda anataka pesa. Weka pawabanki iliyojaa chaji, na namba za watu wako kwa karatasi pamoja na 1199 ya Msalaba Mwekundu, juu simu ikizima hata namba ya bibi yako huijui kwa kichwa. Halafu tochi, filimbi, neti ya mbu, leso mbili (leso ni shuka, ni mbeleko, ni pazia ya kubadilishia nguo), sodo na nepi. Kambi nyingi wamama huteseka kwa sababu hakuna mtu alikumbuka sodo.

Gambuti acha. Zikijaa maji zinakuwa nzito na ni shida kutembea nazo, vaa raba za kufunga kamba. Na maji inayokimbia usiidharau hata ikiwa fupi, sentimita 15 inaweza angusha mtu mzima.

Begi ikijaa, ijaribu kabla mafuriko: ivae, beba mtoto mgongoni ama mbele, tembea mpaka pale pa juu mnapokimbiliaga. Ukichoka njiani toa vitu, anza na nguo. Halafu itundike kwa msumari karibu na mlango, juu ya bega lako, si chini ya kitanda, hapo ndio maji hufika kwanza. Ifungue kila Februari na kila Septemba kabla mvua ianze, ubadilishe maji na biskuti, uchaji pawabanki. Na kila mtoto wa kutembea, jina lake na namba mbili za simu kwa karatasi ndani ya nailoni ndogo, ishonwe kwa mfuko wa sweta yake.