Nyoka Nyumbani na Shambani: Mtambue kwa Mbali, Mnyime Maficho

Mvua za masika zikianza, wakulima wa Mwakirunge, Mtongwe na Jomvu, hapa Mombasa, huuliza habari za nyoka kabla hawajauliza za mbegu. Wana haki. Mashimo hujaa maji, vyura hutoka, nyasi hufika magotini, na panya husogea karibu na nyumba yalikohifadhiwa mahindi. Nyoka naye hufuata chakula chake. Wengi hutaka watajiwe dawa ya kunyunyiza uani, na hapa sitamficha mtu: mafuta ya taa, oili chafu, kitunguu saumu na moshi wa matairi si kinga ya kutegemewa. Pesa hiyo afadhali inunue wavu mzuri wa banda la kuku.

Kumtambua bila kumkaribia

Watu wengi huumwa kwa namna mbili: kumkanyaga nyoka wasiyemwona, au kujaribu kumuua waliyemwona. Kwa hiyo ukimkuta, rudi nyuma taratibu, watoto na mbwa wawekwe mbali, kisha tazama ukiwa umesimama mbali: yuko wapi, anafanya nini, mwili wake una umbo gani. Rangi peke yake hudanganya. Hata ile imani kwamba mwenye sumu lazima awe na kichwa cha pembe tatu si ya kweli, maana koboko ana kichwa chembamba na sumu yake huua haraka.

Bafe ndiye wa kumjua kwanza, kwa kuwa yeye hakimbii. Ni mfupi mnene, mkia mdogo, na hutegemea kutoonekana. Hulala kando ya njia au kwenye majani makavu chini ya mwembe, hasa jua likishatua. Ukitazama majani hayo kwa makini utaona kila moja limelala upande wake, ovyo ovyo. Mgongo wa bafe hauko hivyo: alama za umbo la V zinafuatana moja nyuma ya nyingine, kahawia, manjano na nyeusi, kutoka shingoni hadi mkiani. Zoeza macho ya watoto wako kuutafuta mpangilio huo. Na ukisikia pumzi nzito ya kufoka gizani, usiruke wala usikimbie. Simama, mulika tochi, mwone alipo, ndipo urudi nyuma.

Swila huinua kichwa, hutanua shingo, na aina zinazotema hulenga macho kwa umbali wa mita mbili na zaidi. Hapa Pwani tunaye swila mkubwa wa kahawia ambaye wanasayansi walimtambua rasmi kama aina ya pekee mwaka 2007, wakamwita Naja ashei kwa heshima ya James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken kule Watamu. Hupenda mayai, vifaranga na vyura. Kuku wakipiga kelele usiku, usifungue banda ukachungulia kwa uso. Mulika ukiwa mbali, na vaa miwani, hata ya jua.

Koboko mweusi, licha ya jina, huwa wa kijivu au kahawia. Kilicho cheusi ni ndani ya kinywa. Huishi kwenye vichuguu, mapango ya machimbo ya mawe na miti yenye uwazi, na asiposumbuliwa hurudi shimo lile lile kwa muda mrefu. Ukimwona mara mbili kwenye kichuguu kimoja, usilime hapo. Piga simu Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Mwenzake wa kijani hukaa juu ya mikorosho, miembe na minazi, akiwinda ndege. Ni mwoga, hashuki ovyo. Anayepaswa kumhofia ni mkwezi na mgema. Kabla ya kupanda, gonga shina, tazama kileleni kwa dakika chache, na usikilize ndege: wakikusanyika mahali pamoja wakilia kwa hasira, huenda yuko hapo. Ni kweli kwamba nyoka wengi wa kijani, kama ukukwi mwembamba anayekula vyura, hawana madhara. Lakini yupo mwingine wa mitini, wa macho makubwa na pua fupi, ambaye sumu yake huizuia damu kuganda. Kwa hiyo nashauri kila nyoka wa kijani aliye mtini aachwe aende zake.

Wapo wa kuhurumiwa pia. Nyoka mdogo wa kahawia mwenye mstari mweupe pembeni mwa jicho, anayeingia ghalani usiku, anakula panya wako bure. Ndumakuwili anayetoka kwenye mboji baada ya mvua hawezi kukudhuru.

Gamba ukilikuta darini au bandani lisikutie hofu kupita kiasi. Gamba hunyooka likawa refu kuliko mwenyewe. Linakuambia tu kwamba amepita na kuna njia, basi itafute uizibe.

Kumnyima maficho

Rundo la makumbi ya nazi, makuti yaliyorundikwa ukutani na mawe yaliyobaki baada ya ujenzi ni nyumba tayari kwa nyoka na panya. Yahamishie mbali na nyumba. Kuni zipange juu ya vichanja, mwanga upite chini. Fyeka nyasi, kata matawi yanayogusa paa, ziba pengo chini ya mlango. Mahindi na chakula cha kuku viwekwe kwenye mapipa yenye vifuniko, na mabaki ya chakula yafagiliwe kabla ya magharibi, kwani panya wakipungua, nyoka hupungua. Banda la kuku liinuliwe, lizungushiwe wavu ambao tundu lake halipitishi kidole. Wavu wa kawaida wenye matundu makubwa hauzuii nyoka hata kidogo.

Wakati wa korosho, kusanya majani kwa reki kwanza, mikono baadaye. Vaa gambuti shambani, na usitoke kwenda chooni usiku bila tochi. Chandarua kilichochomekwa chini ya godoro humzuia mbu na nyoka pia.

Akiuma

Vua pete, bangili na viatu mara moja kabla ya uvimbe. Mtulize mgonjwa, funga ubao kwenye mguu au mkono ulioumwa usitikisike, na mwondoke kwenda hospitali. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba, wala usipoteze saa kwa jiwe la nyoka au dawa za miti. Kama usafiri uliopo ni bodaboda, mgonjwa akae katikati ya dereva na mtu wa kumshika. Akitapika au akilegea, mlaze kwa ubavu wa kushoto. Nyoka usimbebe, hata kichwa kilichokatwa huweza kuuma. Picha ya mbali kwa simu yatosha, na isipokuwepo, daktari atatibu kwa dalili: uvimbe na malengelenge, kope kulegea na kushindwa kumeza, au damu isiyokatika.

Mate ya swila yakiingia machoni, usifikiche. Osha kwa maji safi mengi angalau dakika 15, kisha nenda hospitali.

Si kila zahanati huwa na dawa ya sumu ya nyoka, basi ulizia mapema, kabla ya msimu, ni kituo kipi kilicho karibu nawe kinachoiweka, na namba yake iandikwe ukutani. Mbuzi au ng'ombe akiumwa, mfunge kivulini asitembee, umwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.